Nukta Juu ya Mchele

Sangli, 6 Julai 1998

Sharu mdogo wangu,

Sisi wazima, mvua imeanza vizuri, na mtaa mzima unanuka manjano kama kawaida yake. Naanza na habari njema, maana nyingine inakuja nyuma yake.

Mukta wangu amerudi kutoka chuoni na kitabu kipya cha Kiingereza cha mwaka wa pili, na ukurasa wa themanini na moja una jina lako. Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye mabango ya madukani, lakini Sharayu Paranjape nililitambua, nikalipitisha kidole. Nilituma peremende za maziwa kwa majirani wote, hata kwa mke wa mkaguzi ambaye hatusemeshani. Akaniuliza, "Mdogo wako kaandika nini?" Nikamwambia, shairi. "Lina vina?" Nikamwambia vina hakuna, ila wamelichapa hivyohivyo. Mimi mwenyewe mashairi ninayoyajua ni ile mistari miwili ambayo bibi harusi anaitoa mlangoni kwa mumewe, akimtaja jina kwa mara ya kwanza huku watu wanacheka. Yangu niliiandaa mwezi mzima na unajua kwa nini sikuisema.

Baada ya chakula Mukta akatusomea, mstari kwa Kiingereza, mstari kwa Kimarathi. Bwana harusi anatandaza mchele kwenye sinia ya shaba, anashika pete, anaandika jina jipya ambalo mkewe ataitwa tangu siku ile. Nilikuwa natabasamu. Halafu Mukta akasoma: "Wageni walipokwenda kula, mimi nikalifuta kwa kidole changu. Herufi ya kwanza nikaibakiza, nikaitia nukta, nikaandika jina langu." Baba Mukta akaweka glasi ya mtindi chini, akatoka uani kumwagilia mrihani maji. Mvua ilikuwa inanyesha, Sharu.

Kesho yake akaniuliza bila kunitazama, "Kumbe ni wewe kweli?" Miaka ishirini na minane hakuwahi kuuliza. Mama yake aliuliza kwa niaba ya ukoo mzima, akaninyima ufunguo wa ghala la nafaka mwaka mzima, akiwaambia wageni, "Asije akatufutia na mchele wa kula." Baba Mukta mwenyewe alinyamaza, nami nikadhani ananitetea kwa kunyamaza.

Nimemwambia, "Sharu anatunga tu." Akanijibu, "Dada humwambia mdogo wake ukweli." Tafadhali mwandikie barua fupi, umwambie lililo kweli. Siku ile ulikuwepo, una miaka minane na gauni la njano. Mimi nikisema leo, baada ya kunyamaza kote huko, nitaonekana mwongo.

Dada yako


Delhi, 21 Julai 1998

Dada,

Barua yako nimeipata katikati ya kusahihisha mitihani, ndiyo maana nimechelewa. Asante kwa peremende. Hata yule mke wa mkaguzi nampelekea salamu.

Dada, naomba unielewe. Katika shairi, anayesema "mimi" si lazima awe mtu fulani. Ni kama nguo iliyotundikwa, kila msomaji anaivaa. Wanafunzi wangu wa kike huku, wengi wametoka mbali na kwao, wanalisoma na kulia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikiwa jina kwenye mchele. Wanaona wamo. Ndiyo kazi ya shairi. Sikukuandika wewe, wala sikujiandika mimi. Nimeandika wanawake wote wanaoamka asubuhi kwenye nyumba ya watu na kuitwa jina ambalo hawageuki wakiitwa.

Mukta naye angetafsiri kwa uangalifu zaidi. Kimarathi kinambana mtu, huwezi kusema "nafuta" bila kuonyesha kama ni mwanamke au mwanamume. Kiingereza kinakuacha ujifiche. Pengine hapo ndipo shemeji alipopotea.

Nitamwandikia, naahidi, mitihani ikiisha. Joto huku halijapungua. Nimepata kichupa cha achari ya maembe kwenye duka la Mmarathi mmoja, nikakimaliza kwa kidole nikiwa nimesimama jikoni. Unakula vizuri? Magoti yako yanaendeleaje?

Mdogo wako,
Sharu


Sangli, 5 Agosti 1998

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia, na naomba asijue.

Kwanza nisamehe kwa tafsiri yangu, maana Mama amenisomea barua yako na nimesikia nilivyotajwa. Lakini ukweli ni kwamba nilipofika pale kwenye "mimi" sikuwa na njia nyingine. Aliyekaa mbele ya sinia ni bibi harusi, na bibi harusi pekee tuliyemjua pale chumbani alikuwa Mama.

Hapa nyumbani pamekuwa pagumu. Hawagombani, na ingekuwa heri wagombane. Baba anakula kabla ya Mama hajakaa. Juzi nikamuuliza, "Baba, kisa shairi?" Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Lile jina la ndoa, Kumudini, alilichagua mwenyewe. Alitafuta miezi mitatu, akiandika majina nyuma ya stakabadhi za kiwanda cha sukari, akitaka lianze kama lile la nyumbani kwao, Kunda, ili Mama asijione amepotea kabisa. Halafu akakuta limefutwa. "Tangu siku hiyo," akasema, "sikumwita kwa jina hilo, kwa kuwa hakulitaka. Na lile la kwao sikuwa na ruhusa nalo."

Mama mdogo, mimi nimekua nikisikia Baba akimwita Mama "sikia". "Sikia, chai." "Sikia, mwavuli uko wapi?" Nilidhani ni ukale tu, wanaume wa rika lake hawawataji wake zao. Mama naye alidhani hivyo hivyo. Kumbe kila "sikia" Baba alikuwa anaumia.

Nilimuuliza Mama waziwazi kama ni yeye aliyefuta. Alikuwa anasukuma chapati, hakuacha. Akasema, "Aseme mwenye kidole."

Mama mdogo, ni kidole cha nani?

Mwanao,
Mukta


Delhi, 12 Agosti 1998

Mheshimiwa shemeji,

Natumaini shinikizo la damu limetulia na kwamba unatembea asubuhi kama daktari alivyosema.

Nimesikia kwamba shairi langu limeleta mashaka hapo nyumbani, nami nasikitika sana. Naomba uamini kwamba ni ubunifu mtupu. Washairi tunachukua desturi inayojulikana na watu wote, tunaitilia chumvi. Dada hakuwahi kuniambia neno lolote kuhusu siku ile, na hakuna la kumlaumu.

Heri ya sikukuu ya Ganesha inayokuja. Niwekeeni modaki moja tamu ya nazi.

Kwa heshima,
Sharayu Paranjape


Sangli, 20 Agosti 1998

Sharayu,

Barua yako imefika. Umeandika "mheshimiwa" na umeweka jina la ukoo, kama vile unaomba mkopo wa baiskeli pale kiwandani. Wakati namwoa dada yako ulikuwa unaniibia karanga mfukoni, kwa hiyo acha mambo hayo.

Ubunifu nimeuelewa. Mimi si mtu wa mashairi, lakini nimekaa na vitabu vya hesabu vya stoo miaka thelathini, na ninajua kitu kikiwa hakilingani.

Majina ya dada yako yote mawili yanaanza na herufi moja, Ku. Kunda ana nukta juu ya herufi hiyo, ile inayotoa sauti ya n, Kumudini hana. Niliporudi kwenye sinia niliikuta Ku yangu imeachwa kama nilivyoiandika, niliitambua kwa mkia. Juu yake palikuwa pamebonyezwa nukta, na mbele herufi iliyobaki, da, kubwa, imepanda mlima. Mama yangu akaukoroga mchele kwa mkono mzima kabla mtu mwingine hajasogea. Watu waliambiwa jina limefutwa tu. Habari ya nukta tuliijua Mama na mimi, Mama ameshakufa, na mimi sikumwambia mtu. Katika shairi lako nukta ipo.

Kwa hiyo ama aliyefanya alikuambia, ama hakuwa na haja ya kukuambia.

Siulizi kwa hasira. Miaka mingi nimeishi na mwanamke mwema, amenilea mimi na mama yangu mgonjwa, na sijawahi kujua kama aliingia kwangu kwa kupenda au kwa kukosa pa kwenda. Wewe unaweza kuona ni jambo dogo kwa mzee mwenye nywele chache. Mimi hilo ndilo ninalotaka kujua: siku ile, mke wangu alinikataa au hakunikataa?

Jibu lolote nitalipokea. Karanga bado zipo.

Shemeji yako,
Narhari Sabnis


Delhi, 29 Agosti 1998

Shemeji,

Hakukukataa. Ni mimi.

Nimeandika mstari huo na nimekaa nao saa nzima, sasa naendelea. Mlipokwenda kula nilibaki ukumbini, nimejificha chini ya meza ya zawadi. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisema, "Kunda ndiyo basi tena, sasa ni Kumudini." Nikaelewa kama mtoto anavyoelewa. Nikadhani kama jina litarudi, mtalisoma, mtaona mmeletewa msichana asiye wenu, na mtamrudisha. Alikuwa ananisuka nywele kila asubuhi, na mama yetu alikuwa mgonjwa. Nani angenisuka? Nilikuwa nimejifunza kuandika mwaka ule. Ku yako nikaiacha kwa sababu ilikuwa nzuri na mimi Ku ilikuwa inanishinda. Nikaitia nukta, nikaandika iliyobaki.

Mama yako alipoanza kupiga kelele nilikimbilia nyuma ya pipa la maji. Dada ndiye aliyenikuta. Aliutazama mkono wangu. Punje za mchele zilikuwa zimenasa kidoleni kwa jasho na manjano. Akazipangusa moja moja kwa ncha ya sari yake ya harusi, akanipa kipande cha sukari guru, akarudi ndani kutukanwa.

Kwa hiyo alijua tangu dakika ile, na mimi nilijua kwamba anajua. Nilipokua ningeweza kusema. Nilikuja kwenu kila likizo, nikala wali wenu, nikamwona mama yako akimtupia maneno, nikanyamaza. Kisha nikaenda Delhi, nikawa mshairi. Watu wananiuliza kwa nini siandiki Kimarathi, nami huwa na jibu refu la kisomi. Jibu fupi ni kwamba dada anasoma Kimarathi.

Lililo baya zaidi ni hili. Nilipolisoma shairi hilo ukumbini mara ya kwanza, mama mmoja alinishika mikono akaniuliza, "Hili lilikupata wewe?" Nilisema hapana, ni shairi. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu nilitikisa kichwa kukubali. Sijaolewa, hakuna aliyewahi kunigusa jina, na nimepigiwa makofi kwa adhabu aliyoitumikia dada yangu. Nimemchukulia jina lake mara mbili: mara ya kwanza nikiwa mtoto, nikidhani namrudishia, na mara ya pili nikiwa na akili zangu timamu.

Naona aibu, shemeji. Niambie nilitoe shairi kitabuni na nitaandika leo hii waliondoe. Dada alikuwa amekuandalia mistari ya mlangoni yenye jina lako. Nilimsikia akiikariri usiku, chini ya shuka, mwezi mzima. Mtu anayekataa hafanyi hivyo.

Sharu

14 Septemba. Shemeji, barua hii nimetembea nayo mkobani wiki mbili. Kila asubuhi nimelipita sanduku la posta. Leo naitumbukiza.


Sangli, 4 Oktoba 1998

Sharu,

Simu ya Mukta uliipata, kwa hiyo unajua. Nilimwambia akukataze kuja mara moja, na bado nakukataza, subiri mpaka likizo ya Diwali. Nyumba ni ndogo na sasa ina kitanda cha hospitali katikati.

Alianguka tarehe 12 Septemba asubuhi, akinyoa ndevu. Upande wa kulia umekufa ganzi na maneno hayatoki. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Ukimpa chai isiyo na sukari anakutazama mpaka unaona haya.

Barua yako ilifika tarehe 19. Ilikuwa na jina lake, lakini hana tena mkono wa kufungulia barua, nikaifungua mimi. Nimeona tarehe mbili, ya juu na ya chini. Nimehesabu. Ungeituma siku uliyoiandika ingefika tarehe tatu, nne hivi. Angekuwa na siku nane za kusema.

Nimekukasirikia, Sharu. Lile la sinia sikukasirika hata siku moja. Watu walinitukana, ndiyo, na ufunguo ulinichoma, lakini nikilala nilikuwa nakumbuka kile kidole chenye punje za mchele na kujiambia, yupo mtu aliyetaka nirudi. Ndiyo maana sikukutaja. Mwanzo niliogopa Baba atakuchapa mbele ya wageni, lakini baadaye ilikuwa kwa ajili hiyo. Kilikuwa kitu changu cha pekee katika nyumba ile. Halafu Mukta akanisomea kwamba ni mimi niliyefanya, kishujaa, na kwamba wasichana wa Delhi wanalia. Hukuniachia hata hicho. Nitakusamehe, najijua, lakini kwanza nikasirike kidogo. Sijapata nafasi ya kumkasirikia mtu tangu nilipoolewa.

Barua nilimsomea mara tatu. Mara ya kwanza alifumba macho, nikadhani amelala. Uliposema habari ya kukariri chini ya shuka akayafumbua. Nilisoma pale nikiwa nimeinamisha uso kama bibi harusi, na umri huu.

Siku ya nne baada ya barua nilikaa naye barazani, ungo magotini, nachambua mchele wa mchana. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nilidhani anataka maji. Akausawazisha mchele kwa kiganja, polepole, akaanza kuandika kwa kidole. Mkia ulitoka umepinda, lakini nilisoma bila shida. Ku. Akapumzika. Mkono ukarudi juu ya herufi, ukakaa hapo kidogo, kisha ukaanguka pajani na hakuweza tena.

Juu ya herufi palikuwa na kishimo. Sasa Sharu, mimi nilikuwa nimetoka kuokota kijiwe sehemu ile ile. Huenda ni kishimo cha kijiwe, huenda alibonyeza yeye. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Nikamuuliza, "Ni Kunda au ni Kumudini?" Akanitazama tu. Nikauliza tena, jina moja moja, aitikie kwa kope. Alipepesa kwa yote mawili. Nami nilipoyasikia kinywani mwangu, moja baada ya jingine, yote yalikuwa kama ndala za mgeni zilizoachwa mlangoni.

Hapo ndipo nilipomwambia mistari yangu. Sikuinuka wala sikujifunika kichwa, nilimwambia sikioni tu, ungo ukiwa bado magotini:

Maziwa nimechemsha, nikatia na sukari,
nyumba ninayoingia ni nyumba ya Narhari.

Sikuwahi kulitamka jina lake kabla ya siku hiyo. Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Mukta akaita kutoka jikoni, "Mama, maji yamechemka, mchele uko wapi?" Nikasema nakuja. Tulikaa kidogo tena, kisha nikaukusanya mchele na kwenda kuupika, maana saa saba ilikuwa imeshapita na alikuwa hajala.

Shairi liache kitabuni. Mukta anasema wasichana wamelipenda, na swali lake litatoka kwenye mtihani. Lakini ukiulizwa tena jukwaani kama lilikupata wewe, jibu vizuri.

Na hili la ungo usiliandike, Sharu. Si kwa Kimarathi, si kwa Kiingereza. Nimekueleza kwa sababu ni haki yako kujua ulichelewesha nini. Hili ni langu.

Dada yako,
Ku